Sura Mia Amwiba Baba Mkwe

Sura Mia hakuzaliwa na jina hilo, ila lile la kuzaliwa hata mama yake aliacha kulitumia. Na mkitaka habari zake sawasawa, msiwaulize wale wanaojidai wajuzi wa sanaa. Wao wanazijua filamu, mtu mwenyewe hawamjui.

Uso wake ulikuwa wa kawaida mno, uso wa mtu unayesimama naye kwenye foleni ya benki na ukigeuka tu umeshamsahau. Alianzia kwa fundi cherehani, akipima watu viuno. Mteja akigeuza mgongo, huyu anamwigiza mwendo, mafundi wanavunjika mbavu. Siku moja mteja akageuka mapema. Alikuwa mkuu wa kikundi cha maigizo, bwana wa kitambi na maringo ya bata. Kwanza alimzaba kofi. Kisha akamwambia, "Rudia." Akarudia. "Haya, kesho uje ukumbini."

Tangu hapo, jukwaani na kwenye runinga, hakupata hata siku moja kuwa bwana harusi. Alikuwa mlevi, askari mla rushwa, daktari wa uongo, na maiti mara nyingi tu. Wenye sura nzuri walipendwa, yeye aliaminiwa. Siri yake? Hakubuni mtu. Aliiba. Mwendo wa muuza nyama, kicheko cha jirani, jinsi kinyozi anavyolamba mdomo kabla ya kutaja bei.

Ndipo akapewa nafasi kubwa ya kwanza maishani, mwenye nyumba bahili kwenye mchezo wa runinga wa kila wiki. Akatafuta mtu wa kumwiba, akahangaika, kumbe mtu anakula naye meza moja: baba mkwe. Mzee alikuwa na namna yake ya kukataa. Anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anakohoa vikohozi viwili vidogo, "Khm-khm," halafu anasema, "Hilo halipo." Sura Mia akabeba vyote, hakubakiza hata shati.

Watu wakamchukia yule mwenye nyumba kwa raha zao zote. Ikawa mzee akiingia kwa kinyozi, benchi zima linakohoa.

Mkewe Sura Mia hakupiga kelele. Alifunga begi, akaenda kwao, akaacha ujumbe kwenye simu: "Mtoe baba kwenye runinga, nitarudi. Usipomtoa, endelea kuishi naye huko huko."

Mwongozaji alipoambiwa aliruka kama kamwagiwa maji ya moto. "Ukitoe kikohozi? Ndugu yangu, kikohozi ndicho mchezo wenyewe! Ukikitoa, na mimi nakutoa wewe."

Jumapili akaenda ukweni, shati limenyooka pasi, kichwani kajaza hotuba. Sebuleni walikuwepo wakwe wote wawili, na mkewe kando, mikono kifuani. Sasa, ugonjwa wa mwigizaji ni huu: akiogopa, hana sauti ya kwake. Alipanua mdomo aseme "Shikamoo, baba." Mkono ukaenda wenyewe usoni, ukavua miwani ambayo hakuivaa, ukaifuta kwa ncha ya shati, na kooni kikamtoka kikohozi: "Khm-khm."

Mama mkwe akajifunika uso kwa viganja, mabega yanamtikisika.

"Unamcheka nani?" mzee akauliza.

"Wewe, mzee wangu. Tangu unioe nakwambia unakohoa hivyo, unanibishia."

"Mimi?" Mzee akavua miwani. Akaifuta. "Khm-khm. Hilo halipo."

Mama mkwe nusura aanguke kitini. Mke hakucheka.

"Hao ni wao," alimwambia mumewe. "Mimi nimelala na askari, nimelala na mlevi, maiti nimemgeuza ubavu wiki nzima. Sasa baba yangu! Wewe mwenyewe unaongeaje? Niombe msamaha wewe."

Akajaribu. Ikatoka sauti ya muuza nyama. Mke akatikisa kichwa. Ikatoka ya hakimu, akatikisa tena. Ya tatu ikatoka nyembamba, ina kigugumizi, haijatumika tangu utotoni: "Nyumbani ku... kubaya bila wewe. Baba nitamtoa. Wa... wakinifukuza, wanifukuze."

Mke akainuka, akachukua begi.

Na mwanamume akatimiza. Kwenye mchezo, mwenye nyumba akaanza kudai kodi kwa ile sauti nyembamba, kidogo alie. Watazamaji wakamwonea huruma, wakawachukia wapangaji. Mchezo ukakosa adui. Mwongozaji akamwangusha mwenye nyumba kwenye ngazi, akamzika, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Usiku wa mazishi hayo ya runinga, mzee akapiga simu. "Mmemuua kwa nini? Ndiyo kwanza naanza kumpenda!"

"Ba... baba, sauti yangu hailipi."

Mkewe akadakia kutoka jikoni: "Mwambie hapa ndiyo inayotakiwa. Halafu ukate simu, gesi imeisha!"