Mafiga Niliyoyapaka Chokaa

Kigae cha chungu kikianguka ndani ya karai tupu kinalia ting', halafu karai lenyewe linaendelea kuvuma kidogo, kama mtu aliyeitwa akaitikia puani. Sauti hiyo ninayo mpaka leo. Ting', ting', asubuhi nzima. Nami nikiifurahia, maana niliona ndiyo sauti ya kazi inayokwenda vizuri. Nilikuwa nafagia mahame ya wazee wetu, juu kidogo ya Rukanga, ili mgeni asije akasema sisi ni watu wachafu.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, tena kwa alama za kumfanya mtu ajifunze kupenda jembe. Nikawa nakaa na shangazi, dada mkubwa wa baba, mjane, pale chini ya mlima wa Kasigau. Mwaka wenyewe siukumbuki sawasawa. Ilikuwa misimu michache kabla ya ile mvua ya Elnino.

Shangazi alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni ndovu. Kuliwa shamba tulizoea sote. Lakini ndovu wa siku hizo walianza kufuata harufu ya mahindi mpaka nyumbani. Mara ya kwanza walisukuma ukuta wa jiko. Mara ya pili wakasukuma ukuta wa chumba cha kulala, kitanda cha chuma kikapindana kama waya. Bahati shangazi alikuwa amekwenda matangani Makwasinyi.

"Mara ya tatu nitakuwemo," alisema, na hakuwa anatania.

Ndipo lilipomjia wazo la nyumba ya chini ya ardhi. Aliniambia tukichambua kunde.

"Ndovu ana akili. Anajua kuvuka mto, anajua kupanda mlima, anajua siku ya kuvuna kuliko afisa wa kilimo. Lakini ushawahi kuona ndovu akishuka ngazi?"

"Sijawahi, shangazi."

"Basi."

Mimi kuota ndiyo kazi ambayo sikuwahi kuionea uvivu. Siku hiyo hiyo nikachukua kalenda kuukuu nikachora nyuma yake: ngazi tisa, vyumba viwili, ghala la mahindi, madirisha madogo yanayochungulia usawa wa nyasi. Nikajiona nimelala humo nikisikia mizizi ikinywa maji. Shangazi akaitazama karatasi.

"Na haya madudu hapa juu?"

"Ni maua, shangazi. Tutaotesha maua juu ya paa."

Alicheka mpaka kunde zikamwagika. "Mtoto wa ndugu yangu! Unataka kuwaandalia ndovu kachumbari?"

Tatizo lilikuwa mahali. Udongo wa shamba letu ni mchanga mtupu, ukichimba shimo leo, kesho limejifukia lenyewe. Udongo ulioshikana ulikuwa kule juu kwenye mahame, ardhi ya ukoo. Zamani za vita vya Mwingereza na Mjerumani watu wetu waliondolewa mlimani wakapelekwa pwani, wakakaa huko miaka mingi, na waliporudi wengi walijenga huku chini. Kule juu yakabaki matuta ya mawe, vigae na mbuzi wetu. Shangazi alikuwa na hadithi ya nyanya yake, kwamba siku ile waliyoondolewa aliacha chungu cha uji motoni. Aliisimulia kwa kicheko: "Mpaka anakufa alikuwa anaudai uji wake!"

Ukoo ulikubali. Chifu akasema yeye hana neno, ila ardhi ile ni ya kale, lazima atoke mtu wa ofisi ya mambo ya kale aje aangalie nyumba itaharibu nini. Bila karatasi yake, jembe lisiguse. Na mahindi yalikuwa tayari yamenifika magotini. Yakikauka kabla nyumba haijakwisha, yatalala wapi, na shangazi atalala wapi?

Barua ya chifu ilipojibiwa kwamba mgeni atakuja Jumanne, nilijua la kufanya. Shuleni kwetu, mkaguzi akitarajiwa, hatukulala. Tulifagia uwanja, tukapanga mawe kandokando ya njia, tukayapaka chokaa. Basi Jumatatu nikapanda mahame na ufagio, karai na ndoo ya chokaa, nikiimba nyimbo za kwaya moja baada ya nyingine. Vigae nikavizoa, ting', ting', nikavimwaga nyuma ya ua wa minyaa. Mawe ya kadiri nikayabingirisha nikayapanga njia nzima, kulia na kushoto. Matatu yalikuwa mazuri kupita yote, mviringo, upande mmoja meusi kidogo. Hayo nikayaweka mwanzo wa njia, mawili huku na moja huku, maana la nne sikulipata. Nikapaka chokaa mpaka yakang'aa.

Shangazi alipanda akashika kiuno. "Mwanangu, hapa hata ndege inaweza kutua."

Mgeni alifika na lori la sokoni kutoka Voi. Alikuwa dada kijana wa Mombasa, ushungi kichwani, buti miguuni, mfuko wa vifaa begani.

"Hodi wenyewe. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu, umechoka."

Tukampeleka juu. Mwanzo wa njia akasimama. Akatazama mawe ya kulia, akatazama ya kushoto, akaushusha mfuko chini taratibu.

"Mashallah," akasema. "Nani aliyeifanya kazi hii?"

"Mimi!" nikanyoosha mkono kama darasani.

Mdomo wake ulikuwa unataka kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. "Umefagia vizuri sana," akasema. "Mawe haya yalikuwa wapi kabla?"

Shangazi akanitangulia. Alikuwa amelinusa swali. "Mawe ni mawe, mwanangu. Kwetu yako kila mahali."

"Na vigae? Sikuona hata kimoja. Mahame bila vigae?"

"Vigae vya nini? Hapa ni safi, unajionea." Akanikata jicho.

Shangazi akashuka kuchinja kuku. Yule dada akapima, akafunga kamba, akachimba shimo la mraba, dogo kama kitanda cha mtoto, akikwangua udongo kwa mwiko mdogo wa mwashi. Mimi nilishika tepu na kuchekecha udongo. Tulipata mizizi na ganda la konokono. Akachimba la pili, na humo hata konokono hatukumpata.

"Nisipoona kitu," akaniambia, "nitaandika kwamba kuchimba hapa hakuharibu chochote, na mama ataanza kazi yake."

Moyo ukaniruka kwa furaha. Lakini yule dada alikuwa mtu wa kupenda kufundisha, akaendelea. "Wajua, kigae peke yake hakisemi mengi. Mahali kilipolala ndipo panaposema. Ukikuta mafiga matatu bado yamekaa, unajua hapa palikuwa na jiko. Ukishajua jiko utatafuta mlango, na ukipata mlango utajua watoto walilala upande gani."

"Na mafiga ya zamani yanakuwaje, dada?"

"Mawe matatu hivi, mviringo. Upande uliotazama moto huwa umeungua, mweusi."

Tepu ilinitoka mkononi ikajikunja yenyewe, chwap.

Chini kule moshi wa jiko la shangazi ulikuwa unapanda, na nilimsikia akiimba. Nikaona kile kitanda kilichopindana. Halafu nikaona mwanamke mwingine, nyanya yake, anaambiwa simama twende, anageuka kutazama chungu. Nilijaribu kumwambia aende tu, uji wenyewe ulishaungua zamani. Hakwenda.

"Dada," nikasema, "mafiga yako mwanzo wa njia. Ni mimi niliyeyapaka chokaa. Na vigae viko nyuma ya minyaa."

Aliketi chini, palepale kwenye udongo, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ushungi. Mimi nililia kweli.

"Sasa walia nini? Niambie, waweza kukumbuka yalikuwa wapi?"

Nilitaka kusema siwezi, kisha nikagundua naweza. Wimbo wa kwanza nilianzia penye mwamba. Wa pili ndio mgongo uliponiuma. Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia upya ardhi ambayo haikuwa na kitu, nikiimba kwa mwendo uleule wa jana, na kila nilipokumbuka nimeinama alichomeka kijiti. Katikati ya wimbo wa tatu nikasimama. "Hapa. Hapa niliacha kuimba kwa sababu mawe yalikuwa mazito."

Akachimba hapo. Kina cha kiganja tu, udongo ukageuka jivu. Kisha vigae vikubwa vya chungu kimoja, vimelaliana.

Shangazi alipopanda kutuita chakula alinikuta naimba na ufagio mahali safi, mgeni akinifuata nyuma na vijiti.

"Nyinyi wawili mmerukwa na akili?"

Nikamwambia yote. Alilitazama lile jivu, akanitazama mimi, akashuka. Tulikula kuku. Mgeni alipewa firigisi na paja. Mimi nikapewa shingo.

Hakunisemesha mpaka asubuhi. Na kwetu hasira haiachwi ilale moyoni muda mrefu, yaweza kumletea ugonjwa uliyemkasirikia. Hutemwa. Huko ndiko kutasa, na shangazi, pamoja na kanisa lake la kila Jumapili, hakuwahi kuiacha desturi hiyo. Alitoka na kata ya maji, akajaza mdomo, akayapuliza pembeni, fuuu, rasharasha zikamfikia hata mgeni.

"Hasira yangu kwa mtoto huyu na itoke," akasema. "Awe mzima, alale vizuri, mikono yake ipate kazi njema." Fuuu. "Na mgeni wangu naye arudi kwao salama." Fuuu. "Na ndovu..." Akafikiri. "Ndovu bado."

Yule dada akajipangusa shavu. "Mama, nikuulize. Wataka nyumba pale pale, au wataka nyumba?"

"Nataka nyumba kabla mahindi hayajakauka. Pale nilipapenda kwa udongo tu."

"Basi tutafute udongo."

Tulizunguka mwamba, upande wa pili, hatua kama thelathini. Udongo ulikuwa uleule ulioshikana. Akachimba mashimo mawili, nami nikachekecha kwa makini kuliko jana. Hakukuwa na kitu. Akanigeukia.

"Hapa umefagia?"

"Sijafagia, dada. Haki ya Mungu."

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza. Mgeni akaandika karatasi ya chifu palepale juu ya goti: jiko la kale libaki kama lilivyo, nyumba ihamie nyuma ya mwamba, wachimbaji wasipite juu ya mahame, na jembe likigonga chungu lisimame. Shangazi hakujua kusoma, akaniambia nimsomee mara mbili, na mara ya pili akanizuia kwenye lile neno nyumba. "Rudia hapo."

Ukoo ulichimba kwa zamu, na mahindi yalipokauka yalishuka ngazi tisa yakalala chini, na sisi tukalala chumba cha pili, ubaridi wake kama wa mtungi. Ndovu walikuja. Asubuhi tulikuta nyayo zao zimefika ngazi ya juu zikageuka, na shangazi alizipitia moja moja kama mtu anayesoma barua ya pole. Elnino ilipokuja tuligundua kwamba maji yanajua kushuka ngazi, hilo hatukuwa tumeliuliza. Tukachimba mfereji. Maua ya paani nilinyimwa.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ya kuamkia siku ya jembe la kwanza, shangazi akiwa anapika, nilipanda mahame peke yangu na ndoo ya maji na kishada cha mkonge. Yule dada alikuwa ameniachia vijiti vitatu ardhini. Nikasugua mafiga moja moja mpaka chokaa ikatoka, isipokuwa kwenye ufa mmoja ambako ilikataa. Nikayabingirisha nikayaweka penye vijiti, upande mweusi ukitazama ndani. Kisha nikachota maji kwa kiganja, nikajaza mdomo, nikayapuliza pembeni, fuuu. Sikujua maneno. Nikasema tu, "Uji wako, nyanya," nikaokota ufagio wangu na kushuka.