Kitu Kilichoning'inia Karibu na Bumbire

Ildefons Mushumbusi alikuwa mtu wa vipimo. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akivuka uwanja mdogo wa ndege wa Bukoba kila siku, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kwenda kufungua kibanda cheupe chenye vipimajoto, kusoma namba na kuziandika kwa penseli. Watu wa mjini walimwita Bwana Mvua. Mvua ilipochelewa walimlaumu njiani, naye hakuona sababu ya kujitetea. Ujanani alikaa seminari miaka mitano, kisha akatoka bila kugombana na mtu. Alipoulizwa kwa nini alitoka, alijibu kwamba alisubiri kuitwa na hakusikia kitu. Mkewe Ephrasia, mwalimu wa shule ya msingi, alizoea kuwaambia wageni kwamba ukimwuliza Ildefons kama chakula ni kitamu, atakujibu kwamba kimeiva.

Julai 1973 aliitwa ofisi ya wilaya. Ofisa aliyempokea alimsukumia karatasi moja mezani. Ilikuwa imetoka Rwenkende, kijiji kipya cha ujamaa upande wa Muleba, chini kabisa ufukweni, na ilisainiwa na mwenyekiti wa kijiji aliyeitwa Mujuni. Ilisema kwamba mwanamke mmoja, Kokubanza, alikuwa akitangaza kuwa ameona kitu angani juu ya ziwa. Tangu hapo wanakijiji walikuwa wamegoma kuteremka kwenye shamba la pamoja, maana shamba lenyewe lilikuwa kando ya maji. Mwenyekiti aliomba mama huyo achukuliwe hatua kwa uzushi.

"Mwaka juzi hali ingekuwa hiyo ningecheka," ofisa alisema. "Lakini ndege za Uganda zimeshatuangushia mabomu hapa hapa Bukoba. Siwezi kupuuza, na siwezi kutisha wilaya nzima kwa maneno ya mtu mmoja. Wewe kazi yako ni kutazama juu. Nenda ukatazame."

Ildefons alimkabidhi mwenzake funguo za kibanda, akachukua daftari, dira na darubini ya ofisi, akapanda basi la Muleba siku ya Jumamosi.

Alishuka kwanza Kemondo. Karatasi ilitaja kwamba kitu kilionekana Jumanne asubuhi, wiki mbili zilizopita, basi aliingia kwa karani wa bandari na kuuliza ni chombo gani kilipita siku hiyo. Karani alifunua kitabu chake. Meli ya mizigo kutoka Mwanza, yenye saruji, iliingia saa tatu kasoro robo asubuhi. Tena Jumanne inayokuja ingekuja nyingine, mafuta yakipatikana. Ildefons aliandika, akashukuru. Akilini mwake shauri lilikuwa limekwisha. Mama wa milimani ameteremshwa ziwani, hajazoea meli, ameona moja akapiga kelele. Alifikiri angerudi Bukoba kesho yake.

Rwenkende ilikuwa safu mbili za nyumba za udongo mbichi, na migomba michanga iliyokuwa bado haijafika kifuani mwa mtu. Wengi wa wakazi walikuwa wameacha vibanja vya baba zao huko juu, vyenye migomba ya miaka mingi na kahawa inayozaa, wakaja kuanza upya kwenye rweya, ile nyika ya majani ambayo zamani ilikuwa ya kulishia ng'ombe tu. Mujuni alimpokea kwa heshima zote. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati lake safi, sauti yake ya mkutanoni hata mnapokuwa wawili.

"Ndugu Mushumbusi, huyu mama hajawahi kukubali kuhama," alisema. "Ametafuta njia ya kuvunja shamba la kijiji, ameipata. Majani yameota kuliko mahindi. Nikiulizwa na wakubwa nitajibu nini?"

"Sijui," Ildefons alisema. "Nipeleke kwake."

Kokubanza alikuwa mjane aliyepita miaka hamsini na mitano, mwembamba, mwenye macho makali. Walimkuta nje akimenya ebitoke, ndizi za kupika. Ildefons alimwamkia kwa Kihaya, kwa unyenyekevu unaompasa mtu aliyemzidi umri, akamwomba Mujuni awaache wawili. Mama aliendelea kumenya.

"Waitu, bwana, umekuja kunipeleka jela?"

"Hapana, mae, mama yangu. Nimekuja kuuliza."

Ndipo alipofuta kisu, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama afanyavyo kila mwenye nyumba mgeni akifika. Ildefons alitia mbili mdomoni, akafungua daftari.

Alimwuliza mambo aliyozoea kuviuliza vyombo vyake. Saa ngapi? Jua lilikuwa limepanda urefu wa mti. Upande gani? Mama alinyoosha mkono kuelekea kusini ya kisiwa cha Bumbire, bila kusita. Upepo? Hakuna, na baridi kali, hata pumzi ilionekana. Kilikuwa juu kiasi gani? Kokubanza alinyoosha mkono mbele, akakunja vidole, akabakiza kimoja kilicholala.

"Maji yalikuwa hapa chini ya kidole. Kitu kilikuwa hapa juu. Katikati hapa, anga tupu. Cheupe juu, cheusi katikati, kisha cheupe tena chini. Hakikupiga kelele. Nilipalilia mstari mzima kikiwa bado kipo. Kikaenda hivi polepole, upande wa Kemondo, halafu kikashuka kikawa hakuna."

Ildefons aliandika yote, kisha akasema taratibu, "Mae, pengine ni meli."

Kokubanza alikunja uso. "Meli naijua. Nina miaka miwili hapa. Meli inakwenda ndani ya maji kama bata. Nimekuambia kulikuwa na anga chini yake. Wewe umeandika, au umejifanya kuandika?"

Ildefons alisoma alichoandika. Anga tupu katikati, kidole kimoja. Alikuwa ameiandika sentensi hiyo bila kuifikiria hata kidogo, na alijisikia aibu, jambo lisilomtokea mara nyingi. Usiku huo alilala kwenye ghala la kijiji, akaamua kubaki mpaka Jumanne.

Jumapili asubuhi kulikuwa na ukungu na hakikuonekana kitu. Jumatatu ilikuwa nyeupe na baridi, maji yametulia kama mafuta ndani ya sufuria. Alisimama kando ya shamba lililotelekezwa, Kokubanza akiwa pembeni amejifunga kitenge mabegani. Ildefons aliinua darubini kuelekea Bumbire, akaishusha, akaifuta kwa shati, akaiinua tena. Ncha za kisiwa zilikuwa zimekatika na kuinuka. Chini ya mawe na miti, mahali ambapo pangekuwa na maji, palikuwa na mwanga mweupe wa anga. Ncha ya kusini ya kisiwa ilikuwa inaelea.

"Mae, unaona?" alisema, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Kisiwa? Kinafanya hivyo kila siku ya baridi," Kokubanza alijibu bila kushtuka. "Hicho sicho nilichosema. Kisiwa kimefungwa, hakitembei. Nilichoona mimi kilitembea."

Ildefons aliketi juu ya tuta. Vitabuni alikuwa amesoma namna mwanga unavyopinda unapopita katika hewa baridi iliyolalia maji yenye joto kuliko hewa hiyo, na namna macho yanavyoonyeshwa kipande cha anga mahali pa maji. Aliwahi kujibu swali hilo kwenye mtihani huko Nairobi, akapata alama nzuri. Miaka kumi na minne alikuwa amekaa nusu maili kutoka ziwani, kila asubuhi akiyapa maji kisogo ili asome vipimajoto. Mama huyu wa milimani alikuwa hapa kwa miaka miwili, akiwa na jembe mkononi, naye alikwisha kujua ni siku zipi kisiwa hupanda.

Jioni alimwomba Mujuni aite watu wote wateremke kesho asubuhi. Mujuni alikataa kwanza. Kuwakusanya watu ufukweni ni kuipa nguvu habari ya uzushi, alisema. Ildefons hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba ripoti itaandikwa vyovyote vile, na ingefaa iseme kwamba mwenyekiti alikuwepo.

Jumanne saa moja na nusu walikuwa watu arobaini hivi, wamesimama mbali na maji, tayari kukimbia. Wengine walikuwa wamebeba watoto. Baridi iliuma. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu, na Mujuni alianza kukohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kuhutubia. Kisha mwanamke mmoja akapiga ukelele.

Kilikuwa kusini ya Bumbire, pale pale mkono wa Kokubanza ulipoonyesha. Cheupe juu, cheusi katikati, cheupe chini. Kilining'inia. Kati yake na ziwa palikuwa na ukanda wa anga, na hakikuwa na sauti. Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja. Mujuni alirudi nyuma kuliko wote, akakanyaga mguu wa mzee mmoja, hakuomba hata radhi.

Kokubanza peke yake hakusogea. "Ndicho hicho," alimwambia Ildefons. "Andika."

Ildefons alitazama kwa darubini. Aliona bomba la moshi, mlingoti na ubavu mweusi wa meli. Chini ya meli aliiona meli ile ile imegeuzwa miguu juu. Alimwita Mujuni, akamshika mkono kama mtu anayemvusha mgonjwa.

"Ndugu Mwenyekiti, panda kile kilima mpaka kwenye lile jiwe. Tazama, halafu uniambie unaona nini."

Mujuni alifurahi kupewa ruhusa ya kuondoka ufukweni. Alipanda mbio. Alipofika kwenye jiwe aligeuka, nao wakasikia sauti yake, ya mkutanoni kuliko siku zote.

"Ni meli! Iko kwenye maji! Meli ya mizigo!"

"Sasa shuka!"

Alishuka. Alipofika chini alitazama tena, na mdomo ukabaki wazi. Meli ilikuwa imerudi angani. Alipanda tena, safari hii wakifuatana naye vijana sita, kisha kina mama, na baada ya muda mfupi kijiji kizima kilikuwa kikipanda na kushuka ile njia, wakiitana majina, wakicheka, wakiishusha meli majini na kuipandisha angani kwa miguu yao wenyewe. Mpaka ilipopotelea upande wa Kemondo, hakuna aliyekuwa akiiogopa tena.

Kokubanza alikuwa amepanda mara moja tu. Aliporudi alikaa karibu na Ildefons.

"Kumbe ni meli," alisema.

"Ni meli, mae. Hewa ya baridi ndiyo inayoiinua machoni. Yenyewe haikutoka majini."

"Nawe ukiwa hapa chini, uliiona iko juu?"

"Niliiona iko juu."

"Basi andika na hilo. Kwamba sikuona peke yangu."

Kabla ya kuondoka, Ildefons alimsikia Mujuni akimwita mama yule pembeni. Hakusikia maneno yote. Aliona tu kwamba kijana ndiye aliyekuwa ameinamisha kichwa.

Ripoti ilikuwa kurasa mbili. Ofisa wa wilaya aliisoma mpaka mwisho, akaonekana ameridhika, isipokuwa mstari mmoja aliougonga kwa kalamu.

"Hapa umeandika, 'Shahidi aliona na kueleza kwa usahihi.' Kwa usahihi vipi, na meli ilikuwa majini? Badilisha. Andika alidanganyika."

"Ukitaka nitabadilisha," Ildefons alisema. "Lakini itabidi niandike kwamba nilidanganyika na mimi, na mwenyekiti, na watu arobaini, na darubini ya Idara ya Hali ya Hewa. Yeye alisema upande, saa, urefu na rangi, na vyote vilikuwa sawa. Alichokosa ni jina la kitu, na jina hakuulizwa."

Ofisa akapiga mhuri. Shauri la uzushi likafa hapo. Wanakijiji walirudi shambani wiki hiyo hiyo, ingawa mahindi ya mwaka ule hayakuwa ya kusifiwa, kwa sababu viboko walikuwa wameyatembelea wakati watu hawapo. Mwaka uliofuata Kokubanza alichaguliwa kwenye kamati ya kijiji, akawa ndiye mbishi mkubwa wa vikao. Hatimaye ndiye aliyeshinda hoja, shamba likahamishiwa juu, mbali na viboko.

Ildefons alihamishiwa Musoma mwaka 1975. Mujuni, ambaye hakuna aliyedhani angekuwa rafiki wa mtu kama Ildefons, alimwandikia barua kila mwaka. Ile ya mwaka 1980 ilikuwa ndefu. Ilieleza namna vita ya Uganda ilivyopita, wakimbizi waliolala shuleni, kahawa iliyooza maghalani kwa kukosa magari. Karibu na mwisho ilisema kwamba mama Kokubanza alifariki wakati wa Kwaresima, kwa ugonjwa wa kifua, na kwamba kamati ilikubali azikwe huko juu kwenye kibanja chake cha zamani, kando ya mumewe. Mujuni mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza kupandisha mlima.

Ildefons alimsomea Ephrasia barua yote. Kisha alikaa mezani akawaandikia wana wa Kokubanza, ambao hakuwahi kuwaona, barua ya rambirambi ya kurasa tatu. Ilimchukua mchana mzima. Saa kumi alivaa viatu, akaipeleka posta mwenyewe kabla hawajafunga.