Kabati Lililozungumza Siku ya Posa

Mama yangu alipata simu janja akiwa ameshazeeka, na tangu siku hiyo mimi nikawa fundi wake bila kupenda. Yeye anakaa mtaa wa Gongoni, mimi wa Kanyenye. Si mbali, lakini njia ile niliikanyaga mpaka wauza mboga wakazoea kuniuliza simu imefanya nini tena. Alikuwa akinipigia kwa simu ya jirani kunieleza kwamba yake imekufa, nami nikifika nakuta ameiweka kwenye hali ya ndege, au amepunguza mwanga wa kioo mpaka kimekuwa cheusi, au amewasha tochi, akashindwa kuizima, akaifungia ndani ya kanga ili watu wasimcheke. Nilimfundisha mengi, akashika yale aliyoyapenda. Data, kwa mfano, aliizima baada ya kila ujumbe kama mtu anayefunga bomba la maji, kisha akalalamika kwamba watoto wake hawamwandikii.

Kilichomtesa zaidi ni uandishi. Simu ile ilikuwa ya Kiingereza tangu dukani, na kila neno la Kiswahili ililiona kosa la kurekebishwa. Jirani mmoja alipofiwa na mkwewe, mama alichapa taratibu kwa kidole kimoja, "Poleni sana," akatuma. Kilichofika kule ni "Pollen Santa." Yule jirani ni mtu muungwana, akajibu "Ahsante, dada," na mpaka leo hatujui alielewa nini. Nikakizima hicho kirekebisha maneno, mama akaniombea dua ndefu, nikarudi kwangu nikidhani matatizo yamekwisha.

Mama anauza asali. Warinaji humletea kwa ndoo, yeye huichuja na kuijaza kwenye chupa, na kwa kuwa wateja hawasubiri amalize ndipo wapige, simu yake muda wote inanata. Wiki ile ambayo mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alitarajiwa kuletewa posa, mama aliamua kuisafisha. Hakutaka wageni waone simu yenye nzi. Alichukua kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akaishika vizuri, akabana vile vitufe viwili vya sauti vya pembeni na kusugua kwa bidii. Simu ikatetemeka mkononi mwake, na mwanamke mmoja wa Kizungu akaanza kuzungumza humo ndani.

Nilipofika nilimkuta mama amekaa mbali na meza, simu iko katikati ya meza, anaitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Nikaigusa. Yule mwanamke akataja nilichokigusa, lakini hakukifungua. Nikagusa pengine, akataja na pale, tena kwa haraka, kama mnadi anayetaka kuwahi kufunga soko. Nikajaribu kusogeza ukurasa kwa kidole, ukurasa ukakataa. Nikabonyeza kitufe cha kuzimia, yakatokea maneno ya kuzima, nikayagusa, akanisomea kwamba hapo ndipo pa kuzimia, basi. Hakuzima. Ilikuwa kama kumwomba mtu chumvi mezani, naye akakuonyesha chumvi ilipo.

Ujumbe ulipoingia, maana data nayo hatukuweza kuizima, aliusoma. Lakini aliusoma Kiswahili kwa ulimi wa kwao, kwa hiyo "wageni" wakawa "wejinai," na salamu za asubuhi zikasikika kama majina ya dawa. Mama alisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza kama huyo bibi anatusema vibaya.

Tukaipeleka kwa fundi simu hapo Kanyenye. Kijana wa watu aliigusagusa, akakunja uso, akasema ni kirusi, na dawa yake ni kuiflashi, ila vyote vilivyomo vitafutika. Mama akauliza kama na picha za wajukuu zitafutika. Fundi akasema na picha. Mama akaichukua simu yake juu ya meza ya fundi, akaitia kwenye mkoba, akaaga kwa heshima. Njiani akaniambia, "Mwache aseme mpaka achoke. Mtu haongei milele."

Hakuchoka. Siku zile chache mama alijifunza kuishi naye. Akiamka anamsalimia, akienda kuswali anamfungia jikoni. Mimi masikio yangu nayo yakaanza kuzoea, nikawa naokota neno hapa na pale.

Siku ya posa wageni walitakiwa kufika baada ya swala ya adhuhuri. Walikuwa wanatoka Goweko, na watu wa Goweko, kama wakulima wengi wa tumbaku, wakikwambia mchana wao wameshaamka alfajiri. Asubuhi bado mbichi tukasikia hodi barazani. Mama alikuwa hajavaa baibui, mdogo wangu yuko chumbani anapakwa hina, na mimi nimesimama sebuleni na ile simu mkononi nikijaribu tena kuizima. Sikuwa na pa kuiweka. Nikafungua kabati la vyombo, nikaisukuma katikati ya bilauri zile nzuri za wageni, nikafunga mlango wake wa kioo.

Waliingia wawili. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, shangazi wa kijana anayeoa. Mwingine alikuwa mshenga wao, mzee mrefu mwenye kanzu iliyonyooka, miwani myeusi na fimbo nyeupe. Shangazi alimshika kiwiko akamwelekeza kwenye kiti. Tuliambiwa ni baba mkubwa wa kijana, alikuwa mwalimu wa Kiswahili mpaka macho yake yalipoacha kuona. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku uso wake ukiwa umeelekea mahali hasa niliposimama.

Upande wetu msemaji alikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa amelala hapo tangu jana. Mjomba huyu posa ndiyo siku yake. Hupenda kuzungusha wageni, kujifanya hajui wamefuata nini, hajui kama nyumba ina binti, na akikumbushwa kwamba binti yupo, husema bado mdogo, bado anasoma, bado hajafikiria mambo hayo. Wakati huo binti mwenyewe alikuwa ameshachagua gauni, ameshachagua mpishi, na alikuwa amegombana na mama siku mbili kuhusu rangi ya mapambo.

Mshenga akafungua maneno. Akasema wao ni wapita njia tu, wamesikia katika nyumba hii kuna maji baridi, wamekuja kuomba ya kunywa. Mjomba akakohoa kwa raha, akajibu kwamba maji ni ya Mungu, lakini kisima chenyewe hana hakika kama kimeshachimbwa.

Hapo ndipo kabati likazungumza.

Sauti ilitoka kwenye bilauri, na kwa sababu simu ilikuwa inatetemeka kila ujumbe ukiingia, bilauri nazo zilikuwa zinalia. Niliujua ujumbe unatoka kwa nani kabla haujaisha. Mama mdogo, mdogo wake mama, aliolewa Urambo, na safari hii hakupata nafasi ya kuja. Badala ya kuja alikuwa ametulia na simu yake kwenye kundi la familia. Neno nililookota ni "wamefika," lililotamkwa kama jina la mji wa Ulaya.

Mjomba akatazama kabati. Shangazi wa kijana akatazama kabati. Nikasema ni redio. Mama akaongeza kwamba ni redio ya jirani, jambo ambalo halikusaidia, kwa sababu kabati liko kwenye ukuta ambao hauna jirani.

Mazungumzo yakaendelea. Mshenga akasema hata kama kisima hakijachimbwa, wao wana majembe. Mjomba akasema kuchimba kunataka kumuuliza mwenye shamba, na mwenye shamba hajasema lolote. Kabati likasema tena, safari hii maneno mengi, na bilauri zikalia kwa muda mrefu. Niliokota "gauni" na "fundi." Nikawatazama watu mmoja mmoja. Mjomba hakuelewa kitu, alikuwa amekasirishwa na kelele tu. Mama hakuelewa. Shangazi wa kijana alikuwa anatazama sambusa. Nikashukuru moyoni kwamba yule mwanamke hajui Kiswahili.

Sikumtazama mshenga vizuri. Ningemtazama ningeona ameinamisha kichwa kidogo upande wa kabati.

Ujumbe wa tatu ukaingia, na wa nne. Mjomba akapaza sauti kuushinda. Alikuwa amefika mahali anapopapenda kuliko pote, akasema kwamba kwa kweli sisi habari hizi ndiyo kwanza tunazisikia, binti yetu hana hata wazo la kuolewa, itabidi tumpe muda mrefu sana wa kufikiri. Akaegemea kiti akisubiri.

Mzee aliweka kikombe chake chini, akapapasa ukingo wa meza kuhakikisha kimekaa vizuri.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi namwamini mwenye nyumba kuliko mgeni. Lakini kabati lenu linasema gauni litakuwa tayari Jumamosi, na kwamba sisi tusikubaliwe upesi, tuzungushwe kidogo."

Mzee akageuza uso kumwelekea mjomba, akaongeza kwa upole kwamba kuna jingine pia amelisikia, lakini hilo si la posa, kwa hiyo halimhusu.

Mjomba akaufunga mdomo wake. Baadaye tulipofungua lile kundi tukaona mama mdogo alikuwa ameandika: "Mkumbusheni kaka avae meno." Alikuwa ameyavaa, lakini nadhani kwa dakika ile alijihisi hana.

Aliyeanza kucheka ni mama. Alijaribu kujizuia kwa ncha ya mtandio, akashindwa, na shangazi wa kijana alipomwona naye akashindwa. Kule chumbani, nyuma ya pazia, wasichana waliokuwa wanapaka hina walicheka kwa sauti. Mjomba aligoma kidogo, kama mtu anayesubiri aombwe radhi, kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

Mzee akaomba aletewe hiyo redio. Nikaitoa kabatini, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaipapasa pembeni, akakuta vile vitufe viwili vya sauti, akavibana vyote kwa pamoja, akahesabu kimoyomoyo. Simu ikatetemeka, yule mwanamke akasema neno lake la mwisho, akanyamaza. Mama akaitazama simu, akasema, "Kumbe ni hivyo tu." Mzee akavibana tena, bibi akarudi. Akamwonyesha mama kwamba bibi akiwepo, ukitaka kitu unakigusa mara moja kukisikia, halafu unagonga mara mbili ndipo kinafunguka, na kurasa husogezwa kwa vidole viwili. Halafu akamnyamazisha bibi kabisa, akamrudishia mama simu yake. Akasema si kirusi. Ni sauti iliyowekwa kwa ajili ya watu kama yeye, na Kiswahili chake kibovu ameshakizoea kwa miaka, kwa sababu simu yake ya kwanza nayo ilikuwa ya Kiingereza na hakuna aliyejua kuibadilisha.

Mama akamuuliza nani alimfundisha.

Nilitegemea atataja chuo, au hospitali, au watu wa mradi. Akasema, "Huyuhuyu kijana tuliyekuja kumposea."

Akatueleza. Macho yalipoacha kuona alikaa ndani muda mrefu, hataki kutoka, hataki kuzungumza na mtu, redio ameizima. Kijana alikuwa akirudi kutoka shambani jioni, ananawa, anakuja kukaa naye. Alikuwa amesikia mahali kwamba simu zinaweza kuzungumza. Akaiwasha hiyo sauti, lakini hakujua kuitumia, na kila alipojaribu kumfundisha mzee, alikuwa anatazama kioo, anasema gusa hapa, gusa pale, na mzee hajui hapa ni wapi. Wakagombana. Mzee alikiri kwamba siku moja aliirusha simu ukutani. Kesho yake kijana akaja na kitambaa, akajifunga macho mwenyewe, akakaa pembeni yake, wakaanza kujifunza wote wawili gizani. Kila jioni alijifunga. Mzee anasema hakujua habari ya kitambaa kwa muda, alidhani kijana ni mzito wa kuelewa, mpaka siku alipopeleka mkono kisogoni kwake ukagusa fundo.

Shangazi wa kijana alikuwa ameacha kucheka, anatazama chini. Mjomba akasafisha koo lake, akaanza kusema kwamba kuhusu taratibu nyingine za upande wetu kuna mambo ya kujadili. Mama akamwambia, "Kaka, waambie maji yapo." Hakusema kwa sauti kubwa. Mjomba akamtazama dada yake, akageuka kwa wageni, akawaambia maji yapo.

Wakala, wakaswali, wakaondoka jua likiwa limeanza kulegea. Mama aliwasindikiza mpaka barabarani, akasimama pale muda mrefu baada ya gari kuondoka.

Mimi niliingia chumbani kwa mdogo wangu. Alikuwa amekaa kitandani, mikono ameiinua ili hina isiharibike, na alikuwa amesikia yote. Akaniuliza kama ni kweli mzee amesema habari ya kitambaa. Nikamwambia ni kweli. Akasema miaka yote hii wanajuana, kijana hajawahi kumwambia. Akapuliza hina. Kisha akasema akipiga simu usiku atamuuliza, na baada ya kitambo kidogo akasema hapana, hatamuuliza, mwache abaki na siri yake.