Karani Aliyepokea Bastola za Mji

Kwa miaka ishirini na sita, mtu yeyote wa Brandel Park aliyetaka kusalimisha bastola alikutana kwanza na Earlene Tibbs. Alikuwa karani wa kaunta pale kituo cha polisi, mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na sauti ya kwaya. Mimi, Wendell Pruitt, nilikuwa nikipeleka barua mtaani kwetu, na nyumba yake na yangu zilitazamana, barabara tu katikati.

Mji wetu umeshikana na Chicago upande wa magharibi, mgeni hajui ameingia saa ngapi. Mwaka 1983 binti wa miaka tisa aliuawa na binamu yake wakichezea bastola waliyoikuta chini ya mto wa kitanda. Mji mzima ulimzika. Mwezi uliofuata madiwani wakapitisha amri: bunduki za kuwindia zibaki, lakini bastola hapana, hata ndani ya nyumba ya mtu. Zikatolewa siku tisini za kuzisalimisha.

Foleni ilifika hadi nje. Earlene aliandika namba ya kila bastola, akafunga kijikaratasi kwenye mpini, akaitumbukiza kwenye sanduku la chuma. Wanaume walikuja wamenuna.

"Dada Earlene, hapa mnachukua haki yangu ya Katiba," fundi bomba mmoja alimwambia.

"Katiba ipeleke kwa hakimu. Mimi nina kaunta tu. Weka sahihi hapa."

Tulicheka. Nami nilikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, bastola yangu nimeitia kwenye mfuko wa karatasi wa dukani. Mke wangu, Nadine, ndiye aliyenituma; baada ya mazishi yale hakutaka kuiona tena chumbani mwetu. Earlene aliipokea akanipa stakabadhi. "Asante, Wendell. Leo utalala vizuri."

Nisilolijua mimi, wala mtu mwingine isipokuwa mumewe Cleophus, ni kwamba kwenye droo ya cherehani yake kulikuwa na bastola ya baba yake. Mzee yule alikuwa mkulima mweusi wa pamba kule Mississippi. Alipojiandikisha kupiga kura mwaka 1962, magari ya wazungu wasiotaka mweusi apige kura yalianza kupita polepole mbele ya nyumba yake, watu wakimtajia watoto wake kwa majina. Alikaa barazani wiki nzima, bastola mapajani, na hakuna aliyeteremka garini. Earlene alipohamia kaskazini, baba alimfungia bastola ile kwenye mfuko wa unga, akamwambia, "Huko unakokwenda, sheria pia wanayo, kama hapa. Lakini wewe chukua hii."

Cleophus alimsihi sana. "Ipeleke, mama. Wenzako unawaandikisha, ya kwako umeificha!"

"Nitaipeleka Jumatatu."

Jumatatu ikapita, na nyingine, na siku tisini zikaisha. Baada ya hapo, kuipeleka kulikuwa sawa na kujifukuza kazi. Aliniambia baadaye kwamba kila mtu alipoweka bastola kwenye kaunta, yeye alihisi uso unamwaka. Cleophus alifariki mwaka 2001, siri ikabaki ya mtu mmoja.

Mwaka 2009 binti yake, Renita, alirudi nyumbani na masanduku mawili na mkono uliovunjika. Mumewe, Lamont Gaither, alikuwa fundi wa lifti, mtu mcheshi kanisani, mwenye mkono mzito nyumbani. Hakimu alimpa Renita amri ya mahakama: Lamont asimkaribie. Earlene aliibandika nakala yake kwenye mlango wa friji. Lamont akawa anapiga simu na kukata. Mara mbili nililiona gari lake la kijani limeegeshwa kona, yeye ndani, anatazama tu. Earlene alipeleka taarifa kituoni kwake mwenyewe, akaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Gari likija, polisi wakiitwa, walifika limeshaondoka. Renita aliacha kukaa karibu na madirisha. Earlene alianza kutembea nyumbani bila viatu ili asikie.

Jumamosi moja ya Oktoba, saa nne asubuhi, nilikuwa mbele ya nyumba yangu nakusanya majani kwa reki. Gari la kijani likaja kwa kasi, likapanda ukingo wa barabara. Lamont akashuka na chuma cha kufungulia tairi.

"Lamont!" nilimwita. "Una amri ya mahakama wewe! Rudi nyuma!"

"Mzee, kusanya majani yako."

Nilikuwa na miaka sitini na mitatu. Nilisimama nimeshika reki kama mtu aliyepigwa msumari. Kisha nikageuka nikapiga kelele dirishani, "Nadine! Piga simu polisi! Sasa hivi!" Nadine alikuwa mezani anakunywa kahawa, kiti chake kimetazama barabara. Akainuka kwenda kwenye simu ya jikoni.

Ng'ambo, mlango wa Earlene ulipigwa mara tatu, kitasa kikang'oka. Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na Renita, aliyekuwa amejifungia bafuni.

Earlene alikuwa jikoni anamenya viazi vitamu. Aliposikia pigo la kwanza alitupa kisu kwenye sinki, akakimbilia cherehani. Lamont alipoingia alimkuta mwisho wa korido, mikono miwili imeshika bastola.

Lamont alisimama. Kisha akatabasamu. "Mama Earlene, weka hiyo chini. Si wewe unayewanyang'anya watu hizo?"

"Toka nyumbani kwangu."

"Namtaka mke wangu tu. Tuongee."

"Huna mke humu ndani. Toka, Lamont."

"Hiyo imezeeka kuliko wewe, mama. Hata hailii." Akapiga hatua. "Renita! Toka nje!"

"Mwanangu, nakuomba. Hatua moja tena nakupiga."

Akaipiga hiyo hatua, chuma kimeinuliwa. Earlene akafyatua.

Mimi niliusikia mlio, na papo hapo kitu kikapita kwa sauti kama kitambaa kinachochanwa, na kioo cha nyumba yangu kikapasuka nyuma yangu. Lamont alitoka mbio bila chuma, bila kofia, akaingia garini. Polisi walimkamata kwenye kivuko cha reli, hakuwa na hata mchubuko.

"Wendell," Nadine aliniita kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Kikombe chake kilikuwa bado kinatoa mvuke. Nyuma ya kiti, kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa, ukutani kulikuwa na tundu, na vumbi la chokaa lilikuwa limejaa kwenye kahawa. Nadine alikuwa ameshika simu, mtu wa upande wa pili anasema halo, halo. Nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti nikishindwa kuuachia.

Askari wa kwanza kufika kwa Earlene alikuwa kijana aitwaye Dombrowski. Earlene ndiye aliyemfundisha kujaza fomu kijana huyo alipoajiriwa. Nilivuka barabara nikawakuta wamesimama kwenye korido, bastola iko sakafuni.

"Bi Earlene," Dombrowski alisema taratibu, mgongo ameupa mlango, "hii alikuja nayo Lamont, sivyo? Mkanyang'anyana, ikalia. Sivyo?"

Alikuwa anamfungulia mlango wa kuponyokea kesi. Mtu yeyote angeuona. Renita alimvuta mama yake mkono. Mimi nami nilikuwepo, na moyoni nilitaka aseme ndiyo, na moyoni nilitaka asiseme.

Earlene alinitazama. "Wendell, risasi imekwenda wapi?"

"Imeingia kwangu. Ukutani, nyuma ya kiti cha Nadine."

Earlene akakaa chini palepale. "Nadine!"

"Alikuwa ameinuka. Anapiga simu kwa ajili yenu."

Alijifunika uso. Alipoutoa mikononi alimwambia yule kijana, "Andika. Ni ya baba yangu. Imekaa humu tangu kabla ya amri ya mji. Nilijua, na nikaificha. Andika hivyo hivyo, Dombrowski, usinipunguzie."

Jumatatu alisimamishwa kazi. Mwendesha mashtaka wa mji akamfungulia kesi ya kuvunja amri ya bastola. Mji ukagawanyika. Wengine waliweka mabango kwenye majani ya mbele ya nyumba zao: HAKI YA KUJILINDA. Wengine waliacha kumsemesha dukani. Yule fundi bomba wa zamani, sasa kazeeka, alimsimamisha nje ya kanisa. "Yangu uliichukua ukaniandikia namba! Yako je?"

Mawakili walikuja kutoka Chicago, watu wa chama cha wenye silaha, suti safi, wakitaka awe sura ya shauri lao. Walimwambia Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya haki ya kuwa na silaha, yalikuwa upande wake, kwamba mwanamke mweusi wa umri wake, aliyemwokoa binti yake, angemgusa kila mtu. "Mnataka picha yangu," aliwaambia. "Ya ukuta wa Nadine mnaitaka pia?" Hata hivyo alikubali wakili wao, maana wa kwake hakuwa naye.

Nadine hakuzungumza naye. Hakumtukana, hakumsema kwa watu. Alihamisha meza yetu chumba cha nyuma, na wakikutana barabarani aliangalia mbele. Mimi nilimsalimia Earlene nikiwa peke yangu, kwa kichwa, kama mwizi. Nyumbani tulilumbana.

"Angefanya nini, Nadine? Amwache binti auawe?"

"Sijasema amwache."

"Basi unasemaje?"

"Nasema ningekuwa nimekufa, Wendell. Nasema hivyo tu. Mbona hakuna anayetaka niseme hivyo?"

Juni 2010 mahakama ya juu kabisa ya nchi kule Washington iliamua kwamba haki ya raia kuwa na silaha inaibana miji na majimbo pia, si serikali kuu peke yake. Amri ya mji wetu ilikuwa imekwisha hata kabla madiwani hawajakutana. Kesi ya Earlene ilifutwa. Mwezi Julai ukaitishwa mkutano wa kuiondoa amri rasmi, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani.

Mama wa binti yule aliyeuawa alisema kwanza, akiwa na picha ya mwanawe. Kisha fundi bomba. Kisha, bila kuniambia, Nadine aliinuka.

"Jirani yangu alikuwa na haki ya kumlinda mwanawe," alisema. "Mahakama imesema, sawa. Mimi nilikuwa nimekaa mezani kwangu. Haki yangu ya kukaa mezani iko ukurasa gani wa Katiba? Nauliza. Aliyesoma anijibu."

Wakili alimnong'oneza Earlene kitu, akamgusa bega asogee kwenye kipaza sauti. Earlene alisimama, karatasi aliyoandikiwa akaiacha kitini.

"Mimi nilizipokea bastola zenu," alisema. "Niliwaambia sheria ni sheria, na niliwadanganya, maana ya kwangu ilikuwa kwenye droo. Nisingekuwa nayo, leo ningekuwa naweka maua kaburini kwa Renita. Na kwa kuwa nilikuwa nayo, nilikaribia kumuua Nadine Pruitt, ambaye hakunikosea kitu. Mkiniuliza nichague kati ya haya mawili, sijui. Nimejaribu miezi tisa. Sijui." Akamgeukia mke wangu mbele ya watu wote. "Nadine, mimi sikujifunza kupiga. Niliitunza kama picha ya baba. Hilo ndilo kosa langu kwako, na hilo halimo kwenye sheria yoyote."

Amri iliondolewa kwa kura tano kwa mbili. Kulikuwa na vifijo upande mmoja, na kimya upande wa pili.

Wiki mbili baadaye Earlene aligonga mlango wetu, mara ya kwanza tangu Oktoba. Nadine alifungua, akabaki kizingitini.

"Kesho naenda kituoni kuichukua bastola," Earlene alisema. "Nimekuja kukuambia mimi mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

"Unataka ruhusa yangu?"

"Hapana. Nataka ujue."

Nadine alishika mwimo wa mlango. "Lamont anatoka jela lini?"

"Miaka minne. Labda mitatu, akiwa na adabu."

"Na wewe unajua kulenga sasa?"

"Si uliona mwenyewe."

"Niliona. Ndiyo maana nauliza."

Kicheko kiliwaponyoka wote wawili, kikavu, kisha kikakatika, wakabaki wanatazamana kama watu waliosema tusi kanisani. Nadine akasema, "Ukiichukua, jifunze. Isikae kwenye droo hata siku moja kabla hujajifunza. Naongea na wewe, Earlene."

Renita hakutaka kulala tena nyumba yenye silaha. Alihamia Milwaukee, akapata kazi ya maabara. Kituo hakikumrudisha Earlene kazini. Alinunua kasha la chuma lenye kufuli, na kila Jumatano alikwenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha wilaya ya jirani, mwanamke wa miaka sitini na miwili mwenye vizibo vya masikio, akifundishwa na kijana aliyemwita "bibi". Mara mbili aliondoka analia.

Mwezi Novemba alikuja kwetu na karatasi ya shabaha imekunjwa mkononi. Hakutuonyesha. Nadine ndiye aliyenyoosha mkono akaichukua, akaikunjua juu ya meza ya chumba cha nyuma, akavaa miwani. Matundu yalikuwa kumi na mawili, kumi yamo ndani ya duara, mawili yametoka nje. Nadine aliyahesabu kwa kidole, yale mawili akarudi kuyagusa tena.

"Haya mawili yamekwenda kwa nani?" aliuliza.

Nadine alivuta kiti cha pili kutoka chini ya meza.

"Kaa," alisema. "Halafu Jumatano urudi kule."