Sombe ya Bahati

Mwanangu, nilikuwa na miezi mitatu tu ya ndoa, hapa hapa Cimpunda, nilipofanya jambo ambalo hadi leo sijalisahau.

Papa, baba yangu mzazi, na wajomba zangu walikuwa wanakuja kutoka Nyantende kunitembelea kwa mara ya kwanza. Nilitaka waone kwamba binti yao anajua kupika. Mama mkwe wangu alikuwa ameteleka sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwenye mbabula ya makaa, akaenda misani. Nilipofunua chungu, harufu ya kuungua ikanipiga puani. Nikaona aibu hata kabla wageni hawajafika. Nikaimwaga yote mtaroni, nikapika nyingine, ya mawese mengi na samaki.

Wageni wakiwa wameketi, mama mkwe akarudi.

“Sombe yangu iko wapi?”

“Nilishaimwanga, maman. Ilishaungua.”

Alitoka, akapiga magoti kando ya mtaro, akaanza kuyaokota yale majani kwenye matope kwa vidole, akiyarudisha chunguni. Papa alisimama mlangoni akimtazama.

Mume wangu ndiye aliyeninong'oneza. Kaka yake, Bahati, alikwenda kuchimba dhahabu Shabunda, na kwa miaka saba hakurudi wala hakutuma salamu. Tangu utoto alipenda kukwangua sombe iliyoshika chini. Basi kila mwaka, siku aliyozaliwa, nayo ilikuwa siku ile ile, mama yake aliiacha iungue kwa makusudi, akamwekea sahani. Kulia mbele za watu hakuweza, mwanangu. Alipika.

Nikaenda kupiga magoti kando yake, nikaokota naye. Hakunitazama. Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne akaniwekea kinu mbele yangu.

“Twanga. Siku nitakufa, nani atamupikia?”

Bahati hakurudi. Maman naye ametangulia, na sasa mimi ndiye ninayepika.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiingia jikoni kwa mwenzio na chakula chake kikakushangaza, usikimbilie kukirekebisha. Uliza kwanza kinapikwa kwa ajili ya nani. Kuna watu wasioweza kusema yaliyo moyoni ila kwa mikono yao, nawe ukimwaga chungu chao umewanyamazisha. Mungu akupe mikono inayofariji, na kila unayemngoja akufikie akiwa mzima.