Pini Mdomoni

Kila asubuhi, kabla hajakanyaga cherehani, fundi hugeukia ukuta, akaingiza vidole mdomoni kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki. Kisha hufuta mkono kwenye khanga na kuzipachika pini midomoni, moja baada ya nyingine. Kuanzia hapo humsikii tena. Hukubali kwa kichwa, hukataa kwa nyusi, na mteja aliyenenepa hujua kwamba amenenepa kwa jinsi fundi anavyoivuta tepu mara ya pili.

Binti yake, aliyerudi nyumbani kwa likizo ya chuo, hukaa pembeni akishona vifungo, kitabu mapajani. Siku moja aliona vijipira viwili vyembamba vimening'inia kwenye kimto cha pini.

"Mama, hivi si vya meno yako?"

"Mm-hm. Vya akiba," fundi alijibu kupitia pini. Binti akarudi kwenye kitabu chake.

Fundi aliwekewa vyuma vya meno ukubwani, pamoja na vijipira vya kunasa taya ya juu na ya chini ili kuvuta jino, vya kuvaliwa mchana na usiku. Jino lake la chonge lilikuwa limepanda juu ya wenzake, likimkwaruza mdomo kwa ndani miaka nenda miaka rudi. Vyuma vilipoingia, mshona viatu wa mlango wa pili akampa jina.

"Fundi Reli! Treni ya asubuhi imeshapita?"

"Imepita, shemeji. Ilikuona umesimama, ikaongeza mwendo!"

Watu wakacheka, naye akacheka nao. Lakini nyumbani alikuwa akiinua mdomo mbele ya kioo, anatazama, anashusha, anainua tena. Mwisho akamwomba daktari amharakishie. Daktari akamwambia kuna leza, mwanga unaomulikwa kwenye fizi, na kwa baadhi ya watu jino husogea upesi zaidi.

Siku ya kupimwa, baada ya miezi kadhaa ya kumulikwa, binti alimsindikiza. Chumba kilikuwa kidogo, kikinuka dawa ya kusuuzia mdomo. Muuguzi aliwavisha wote miwani myeusi ya kukinga macho. Daktari akapitisha kalamu ya leza juu ya fizi, taratibu, mashine ikilia kama mbu. Fundi alikuwa ameishika mikono ya kiti utadhani kinataka kuondoka bila yeye.

Baada ya hapo daktari alipima. Akapima tena. Akafungua picha ya meno kwenye kompyuta, akaikuza.

"Mama, hili jino halijatoka lilipokuwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mipira unaivaa?"

"Naivaa, daktari."

"Basi naogopa mzizi umegandana na mfupa. Kama ndivyo, tukilivuta tutaharibu ya jirani. Itabidi tulitoe. Ni jino zima, najua inauma, lakini tukipata nafasi hata wiki hii tufanye."

Fundi akajifunika mdomo kwa kiganja. "Nitoke hapa na pengo? Kwa hiyo leza haikufanya kitu?"

"Leza haivuti jino, mama. Inauamsha tu mfupa ulegee mapema. Vinavyovuta ni waya na mipira. Mfupa ukilegea na hakuna kinachovuta, ni kama kufungua mlango halafu mgeni asiingie."

Binti alivikumbuka vile vijipira vilivyoning'inia kwenye kimto. Vya akiba huwekwa kwenye pakiti. Na mtu mwenye pini mdomoni, taya imefungwa kwa mipira, atazishikaje?

Alimtazama mama yake. Miwani myeusi haikumwonyesha kitu ila taa mbili ndogo. Akajua mama hatasema. Ameshasema "naivaa" mbele ya daktari na muuguzi, na mtu mzima havuliwi nguo mbele za watu, sembuse na mtoto wake wa kumzaa. Nyumbani wangeongea polepole, jikoni. Lakini muuguzi alikuwa ameshafungua kalenda ya kutolea meno, anatafuta siku iliyo wazi.

"Alhamisi asubuhi ipo," muuguzi alisema.

"Sawa," fundi akasema, sauti imekwisha.

Binti alikohoa. Maneno aliyokuwa ameyapanga yakamtawanyika, likabaki swali moja tu.

"Samahani, mama. Ukiwa na pini mdomoni, mipira inakuwa wapi?"

Muuguzi aliinua kichwa. Daktari akageuza kiti. Fundi alivua miwani polepole, akaikunja, akaiweka mapajani juu ya khanga, akaipapasa kama kitambaa kinachokaribia kukatwa.

"Kwenye kimto," alisema.