Nyumba ya Kuchomwa ya Ndugu Yangu Ndoo

Mdogo wangu wa kiume wanamwita Ndoo. Jina alilopewa na baba silitaji hapa, maana ukimwita kwa hilo hageuki. Hilo la Ndoo alilipata kwenye kituo cha zimamoto, alikofanya kazi miaka thelathini na mmoja. Wenzake walikuwa wanagombania usukani wa gari na kofia za chuma, yeye anabeba ndoo. Gari likiharibika, na liliharibika mara nyingi kuliko lilivyotembea, ndoo za mdogo wangu ndizo zilizozima moto. Sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu. Ningekuwa namsifu ningesema pia ana akili nyingi, na sijasema.

Mkewe alifariki mapema, na watoto hawakujaliwa. Miaka yote hiyo alipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, ukuta unatetemeka mchana kutwa, chai ina unga kabla hujaikoroga. Duniani alitamani kitu kimoja tu, mlango wake mwenyewe. Si jumba la kifahari. Mlango aufunge kwa ufunguo wake, asije mtu kuugonga kumwambia kodi imepanda.

Basi serikali ikaleta fedha. Zilikuwa fedha za kuzuia na kuchunguza moto unaowashwa makusudi. Maduka yalikuwa yanaungua ovyo mjini, na kila likiungua moja, askari wa zimamoto wanaandika "hitilafu ya umeme," hata duka lenyewe likiwa halina umeme. Wizara ikachoka. Ikasema wachaguliwe vijana kumi na wawili wafundishwe kuyasoma majivu, na nyuma ya kituo ijengwe nyumba kamili, kisha ichomwe, wajifunzie humo.

Nyumba ikajengwa. Mimi nimesimamia ujenzi wa nyumba mbili maishani, kwa hiyo ile niliikagua mwenyewe, ukuta kwa ukuta, kwa kugonga na kusikiliza. Vyumba viwili, sebule, jiko, baraza. Bati jipya, madirisha ya vioo. Katika kituo kizima, kuanzia Mkuu mpaka mfagizi, hakuna aliyekuwa analala kwenye nyumba nzuri kama ile iliyojengwa iungue.

Tena masharti yalisema lazima ikaliwe. Iwe na vitanda, mapazia, nguo zilizovaliwa, sufuria zenye masizi, kwa sababu nyumba isiyokaliwa haiungui kama nyumba ya watu. Mkuu akamwita Ndoo.

"Ndoo, utahamia kwenye ile nyumba."

"Kwa muda gani, Mkuu?"

"Mpaka siku itakapochomwa."

"Na kazi yangu humo ni nini?"

"Kuilinda."

"Isipatwe na nini?"

"Na moto."

Ndoo akatafakari kidogo. "Niilinde isiungue mpaka iungue."

"Ndiyo maana nakupenda," Mkuu akasema. "Wengine nimewaeleza mara tatu."

Akapewa daftari kubwa la jalada gumu. Kila asubuhi aandike humo: Nyumba ipo, haijaungua. Akaja kwangu nalo kalikumbatia.

"Dada, nimepata nyumba!"

"Ya nani?"

"Ya kuchomwa."

Nikamshika paji la uso nione kama ana homa.

Nilihamia na mimi. Masharti yalitaka jiko litumike, na Ndoo anaweza kuunguza hata maji ya kuoga. Tulidhani ni wiki mbili. Mara petroli haijanunuliwa, mara Mtaalamu wa kuchoma yuko semina, mara mvua. Ikawa miezi saba. Katika miezi hiyo saba mdogo wangu aliuranda mlango ukaacha kukwama chini, akauongezea fremu ya ndani ili ukae sawa, akaupaka rangi ya kijani, akapanda maua pembeni ya ngazi. Kutwa anafunga na kufungua, anafunga na kufungua, asikie tu kitasa kinavyolia.

"Utakiharibu," nikamwambia.

"Si kitasa changu, dada?"

Halafu akakumbuka, akaangalia chini. Mtu wa miaka sitini anaangalia chini kama kavunja kikombe cha watu. Siku ile ndipo nilipoamua, ila sikumwambia.

Tarehe ikatoka. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka wa fedha wa serikali. Ikifika saa kumi jioni nyumba haijaungua, fedha zinarudi wizarani na wale vijana wanarudi makwao hawajajua kitu. Ndoo akaenda kwa Mkuu, kofia mkononi, akamwuliza kama haiwezekani wachome kile choo cha zamani.

"Mimi mwenyewe inaniuma, Ndoo," Mkuu akamwambia. "Lakini imeandikwa kwenye bajeti kwamba itaungua. Kitu kikishaandikwa kwenye bajeti hakina budi kuungua."

Ndoo akarudi nyumbani, akashusha mapazia, akayafua.

"Unafua mapazia ya kuchomwa?"

"Wageni wanakuja, dada."

Siku yenyewe Mtaalamu akafika asubuhi kutoka makao makuu, mtu mfupi, viatu vinang'aa, kabeba sanduku la namna zote za kuwashia moto. Akawakusanya vijana mbele ya stoo ya vifaa vya kituo, akawaonyesha ujanja wa mshumaa. Mchomaji anasimamisha mshumaa ndani ya boksi lenye matambara yaliyolowa mafuta ya taa, anauwasha, anakwenda zake kunywa chai mbele za watu ili waione sura yake. Mshumaa ukifika chini matambara yanashika, naye yuko mbali anacheka. Ili wapime muda, Mtaalamu akawasha mmoja, akaliweka boksi kwenye rafu ndani ya stoo, upepo usiuzime.

"Tutarudi kuuangalia," akasema.

Ilipofika saa saba mchana ikabaki fomu ya mwisho, ya mlinzi: Nathibitisha hakuna mtu ndani. Ndoo akapewa kalamu. Akainama kutia saini, akainuka bila kutia.

"Mkuu, dada yupo ndani."

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwenye kiti cha mikono tangu vijana walipokuwa wanapiga mswaki. Mtaalamu akaja na viatu vyake.

"Bibi, tafadhali toka. Tunachoma nyumba."

"Chomeni. Mimi nimekaa."

"Hii ni nyumba ya serikali, bibi!"

"Na iendelee kuwa ya serikali. Kuna mtu kaiba?"

"Ukaidi huu umeutoa wapi?"

"Nimezaliwa nao. Wewe ulizaliwa na viatu hivyo?"

Vijana wakacheka, akawakata jicho. Mkuu akamgeukia Ndoo. "Mtoe dada yako."

"Mkuu, humjui. Baba alimshindwa. Shemeji, Mungu amrehemu, alimshindwa miaka arobaini. Mimi nitamtoa kwa kitu gani?"

"Basi tia saini tu, tutamtoa baadaye."

"Fomu inasema hakuna mtu ndani. Dada si mtu?"

Mkuu akaamuru vijana wanne waninyanyue pamoja na kiti. Wakaninyanyua, nami nikakaa wima kama bibi harusi. Lakini mlango ule Ndoo alikuwa ameuongezea fremu, ukapungua upana. Kiti kikakwama katikati, miguu yangu barazani, mgongo wangu sebuleni. Ukazuka ubishi mpya: niko ndani au niko nje? Mtaalamu alisema kisheria miguu ndiyo inayohesabiwa. Mkuu alisema kichwa. Vijana wote kumi na wawili wakaja kutazama, mmoja akapima kwa futi ya mkanda, mwingine akachora. Ubishi ukaenda saa nzima na zaidi, na mimi nimo, nahesabiwa nusu nusu kama kitambaa.

Ndipo nikasikia harufu. Pua yangu haijazeeka.

"Nyie," nikasema, "mmewasha kitu?"

Stoo ilikuwa inatoa moshi mpaka mlangoni. Kijana mmoja akapiga kelele ya moto, lakini kwanza akaandika saa kwenye kitabu chake, kama walivyofundishwa. Wakakimbilia gari. Gari lilikuwa na maji, siku hiyo hata injini iliwaka, lakini mipira yote ya maji ilikuwa ndani ya stoo, inaungua.

Ndoo alikwenda bombani, akachukua ndoo zake mbili. Nami nikapanda juu ya mkono wa kiti nikashuka barazani, nikashika ndoo ya jikoni. Ndoo aliwapanga vijana mstari mmoja kutoka bombani, akawa anawaongoza kwa mkono tu, na Mkuu akawa mtu wa nane kwenye mstari. Stoo ilibaki kuta. Ofisi ya kituo haikuguswa.

Tumesimama pale tumelowa, Mtaalamu, uso wote masizi, akachomoa ile fomu mfukoni.

"Bibi ametoka! Nyumba haina mtu. Saa kumi haijafika. Haya mzee, saini."

Ndoo akamtazama. "Bwana, leo nimeshazima moto. Siwezi kuwasha mwingine siku hiyo hiyo. Mwili haukubali."

Mkuu alikuwa anasoma fomu nyingine, ya wizara, kidole kinatembea chini ya mistari.

"Mtaalamu," akaita. "Hapa wanauliza, majengo yaliyoungua ni mangapi. Ni moja, sivyo?"

"Ni moja, lakini..."

"Limewashwa na mtaalamu aliyeidhinishwa? Ule mshumaa uliuwasha wewe?"

"Niliuwasha mimi, ila..."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi ya kufundisha!"

"Inatosha." Akaweka alama ya ndiyo mahali pote, akagonga muhuri. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita.

Vijana walichunguza majivu ya stoo siku tatu, wakaikuta nta ya mshumaa, wakaandika kwamba moto uliwashwa na mtu mwenye ujuzi mkubwa sana. Mtaalamu akaomba nakala.

Fomu haikuuliza ni jengo gani. Wizarani, basi, nyumba yetu ni majivu. Ndoo alipostaafu hakuna aliyemwambia ahame, kwa sababu huwezi kumtoa mtu kwenye nyumba isiyokuwepo. Mwaka jana alikuja karani wa majengo na orodha yake, akatazama bati, akatazama karatasi.

"Bibi, hii nyumba iliungua."

"Ndiyo," nikamwambia. "Tulikuwepo."

Akaondoka anajikuna kichwa, na kikombe cha chai nilimpa.

Kilichobaki kumsumbua mdogo wangu ni lile daftari. Hajaacha kulifungua kila asubuhi, kazoea. Akiandika nyumba ipo, anamharibia Mkuu. Akiandika imeungua, anasema uongo, na Ndoo hajawahi. Alikaa na kalamu hewani siku kadhaa, mpaka siku moja nikamwona anaandika, nikachungulia begani kwake.

Leo mlango umefunga vizuri.

Hilo ni kweli. Nausikia.